Kadi Ndani ya Pipa la Mchele

Kwaru, kwaru, kwaru. Halafu kimya.

Mwanangu, nimesahau mambo mengi ya mwaka ule, lakini nakumbuka alasiri ile na sauti ile ya kikombe cha bati kikikwangua ndani ya pipa la mchele. Na ule ukimya uliofuata, huo nausikia zaidi kuliko sauti yenyewe. Ilikuwa Ramadhani. Mimi nimekaa kwenye cherehani yangu karibu na dirisha, mama mkwe wangu yuko jikoni anapima mchele wa futari. Kikombe cha kwanza, kwaru. Cha pili, kwaru. Cha tatu kikagonga kitu ambacho si mchele. Mimi nilijua kimegonga nini. Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio la cherehani kama umepigwa msumari.

Ngoja kwanza nijitambulishe. Aliyenituma kuandika haya ni Mwalimu Rukia, anayetufundisha dini sisi wanawake kule Migosi kila Jumamosi. Amesema wewe unaolewa baada ya Idi, na kila bibi harusi wa darasa letu lazima apewe nasaha na mzee. Nikamwuliza, "Mzee gani?" Akasema, "Wewe." Mimi! Nina miaka thelathini na mbili, meno yangu yote yako mahali pake, na bado nikisikia muziki wa jirani mabega yananicheza. Lakini Mwalimu akasema uzee si mvi, uzee ni kosa ulilofanya ukatoka nalo na akili. Basi kama ni hivyo, mwanangu, mimi ni ajuza. Keti.

Mimi ni binti wa Ahero, yaani Nyar Ahero kwa lugha ya kwetu. Nilizaliwa Akinyi, nikasoma mpaka kidato cha pili, karo ikakataa, nikajifunza kushona. Swaleh nilimpata hapa Nyamasaria. Ni fundi wa kuchomelea mageti, kwao ni Mumias. Kwa sababu yake nilianza kusikiliza habari za Uislamu, na kwa sababu yangu mwenyewe nikabaki. Nikaitwa Amina. Nilijifunza kuswali, nikajifunza kufunga, nikajifunza kupika futari nzima bila kuonja chumvi na isizidi. Mengine niliona haya kuuliza. Kila swali likifika mdomoni nawaza watu watasema, "Huyu wa juzi, bado ana ya kwao." Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Mimi nikaona heri ujinga wa kimya kuliko aibu ya mdomo. Hapo ndipo nilipoanza kupotea njia, na njia yenyewe ilikuwa imenyooka kabisa.

Mtoto wetu wa kwanza ni Ramla. Ramla hajajua kusimama vizuri, Idi akaja. Walifuatana hao kama ndala mbili mlangoni. Siku ya kumzaa Idi damu ilinitoka sana. Nakumbuka taa ya juu ikiwa ndogo, ndogo, ndogo kama nyota, na sista ananipiga mashavu akisema, "Mama, usilale! Niambie, mtoto anaitwa nani?" Nilipopata nguvu ya kukaa, sista yule aliniambia polepole, "Usibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Mwili wako unataka kupumzika. Safari hii tumekushika kwa ncha za vidole."

Swaleh alikuwa nje. Yeye aliambiwa tu, "Mama na mtoto wazima." Basi akakimbia dukani, akarudi na kreti nzima ya soda, akagawia wauguzi, akagawia wagonjwa, akagawia hata bawabu wa getini. Aliingia wodini akicheka mpaka machozi. Sasa mwanangu, mtu kama huyo utamwambiaje, "Nilikaribia kufa"? Nikaona nisimkatishe furaha. Nikanyamaza. Kumbe kimya kile kilikuwa mbegu.

Swaleh ni mtu wa ndoto, kama mimi. Mimi nikishona naona duka langu lina mlango wa kioo, na dirisha la juu linaloona ziwa. Yeye akichomelea anaona watoto. Idi alipofikisha siku arobaini, Swaleh alianza kuwatengenezea kitanda cha dabo deka pale nje ya mlango wetu. Ghorofa ya chini ya Ramla, ya juu ya Idi. Nikashukuru. Jumapili iliyofuata nikamkuta anasimamisha nguzo ndefu zaidi.

"Baba Ramla, hiyo ni ya nini?"

"Ghorofa ya tatu."

"Ya nani?"

Akacheka, akateremsha miwani yake myeusi ya kuchomelea. "Huyo bado yuko njiani, Nyar Ahero. Mgeni haalikwi nyumba isiyo na kitanda."

Cheche zikaruka. Wengine huogopa simba, wengine nyoka. Mimi, mwanangu, nikaanza kuogopa kitanda.

Siku zile nilikuwa nimewahi kusikia, kwenye simu ya mtu sokoni, sauti ya mhubiri akisema mwanamke Mwislamu akipanga uzazi amekataa riziki ya Mungu. Sikumjua mhubiri ni nani, sikusikia alianza wapi wala alimalizia wapi. Nilisikia kipande tu nikiwa nachagua nyanya. Lakini kipande hicho nilikibeba kifuani kama fatwa nzima. Nikawaza: nikimwambia Swaleh, atasema ni haramu. Nikimwuliza Mwalimu Rukia, atanitazama kama mtu ambaye hajaslimu sawasawa. Nisipofanya kitu, nitarudi kwenye taa ile inayokuwa nyota, na safari hii huenda nisikumbuke jina la mtoto.

Basi nikaenda kliniki peke yangu, mwezi wa Shaabani, nikachomwa sindano ya miezi mitatu. Sista aliniuliza, "Mmezungumza na mzee wa nyumba?" Nikasema, "Ndiyo." Uongo ulitoka laini kama uzi wa hariri. Akaniambia pia, "Damu inaweza kubadilika kidogo. Ukiona kitu hukielewi, rudi." Sikumsikiliza vizuri, masikio yangu yalikuwa mlangoni, nisije nikaonwa na mtu anayenijua.

Nilipewa kadi. Nikaificha ndani ya pipa la mchele, chini kabisa. Mchele wetu ulitoka kwa mama yangu Ahero, gunia kwa gunia, na mpishi wa nyumba ile alikuwa mimi. Nilijiona mjanja. Nani atafukua mchele wangu?

Ramadhani ikaingia, na mama mkwe akaingia nayo. Alitoka Mumias na kuku wawili, mfuko wa karanga na kicheko chake, akasema amekuja kufunga na wajukuu. Wajukuu wenyewe mmoja ananyonya na mwingine neno lake ni "maji" tu! Nilifurahi, kwa sababu mama yule ni mtu wa watu. Lakini siku ile ile aliyoteremka, damu ikaanza. Si nyingi. Kidogo, kila siku, leo matone, kesho matone. Nikasema ni siku zangu. Nikaacha kuswali, nikaacha kufunga, kama tulivyofundishwa.

Siku sita zikapita, ambazo ndizo kawaida yangu. Damu ipo. Kumi. Ipo. Kumi na tano. Ipo. Na mimi bado sifungi, siswali, najificha nyuma ya mlango wa jikoni natafuna kiazi baridi, na Ramla amesimama ananinyooshea kidole na kupaza sauti, "Maji! Maji!" Hata mtoto alijua kuna jambo.

Mama mkwe mwanzoni alitabasamu tu. Baadaye akaanza kunipa kipande kikubwa cha nyama, na kuniondolea ndoo ya maji mikononi. Siku moja nikamsikia anamnong'oneza mwanawe uani, "Baba, ghorofa yako ya tatu imepata mpangaji." Swaleh alipiga mluzi jioni nzima. Kesho yake akaja na mkebe wa rangi ya kijani. Mimi nikatamani ardhi ifunguke.

Lakini mama yule, usimwone anacheka ukadhani hafikiri. Siku chache baadaye aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye mboga anayokata, "Mama Ramla, mwenye mimba hafungi akishindwa, lakini anaswali. Mwenye hedhi hafungi wala haswali, lakini siku zake huisha. Wewe ni nani kati ya hao?" Nikasema kichwa kinaniuma. Akasema, "Mm." Hiyo "mm" yake, mwanangu, ilikuwa na mlango na madirisha.

Usiku ule nilisikia wanazungumza sebuleni. Sikusikia yote. Nilisikia mama akisema, "Labda dini imemchosha. Labda anataka kurudi kwao." Na Swaleh hakujibu. Hapo ndipo nilipoona nimefika wapi. Niliogopa kupoteza uhai wangu, na sasa nyumba yangu ilikuwa inanitoka mikononi, matone matone, kama damu ile ile. Na dini niliyoichagua kwa moyo wangu, watu wa nyumbani mwangu walidhani nimeiacha. Bado nikanyamaza. Nilikuwa mkaidi kama punda wa sokoni.

Sasa turudi kwenye kikombe. Alasiri ile mama alisema anataka kutupikia pilau kwa mkono wake. Nikasema, "Acha, mama, nitapika mimi." Akasema, "Shona, mwanangu, kupika mchele si kushika mkia wa simba." Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya.

Mama mkwe hasomi sana, lakini kadi ile ina picha juu: baba, mama, na watoto wawili wanaocheka. Picha haitaki shule. Alitoka jikoni, akanitazama pale kwenye cherehani, akarudi jikoni. Pilau ikapikwa, adhana ikalia, tukafungua kwa tende na maji, yaani wao walifungua na mimi nikajifanya. Ndipo mama akaingiza mkono ndani ya leso yake, akaweka kadi pembeni ya sinia, ikiwa bado na pumba za mchele.

"Swaleh," akasema, "mchele wa Ahero wa mwaka huu una mawe ya karatasi."

Swaleh akaisoma. Akaisoma tena. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi.

"Tangu lini?"

"Shaabani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nilichanganyikiwa, nikajibu, "Ulikuwa unachomelea ghorofa ya tatu."

Midomo yake ikatetemeka, sijui kwa hasira au kwa kicheko. "Uliona siwezi kulisha watoto? Hiyo ndiyo sababu?" Akasimama, akaacha pilau ya mama yake, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kabla wala baada, akaenda msikitini.

Nilibaki natazama wali. Nilingoja mama mkwe aanze. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nguo zipi nitabeba kwenda nazo Ahero. Mama akakusanya sahani, akaniita tuoshe. Mikono ikiwa ndani ya povu, akauliza jambo moja tu.

"Umeacha dini yetu?"

"La, mama! Wallahi la!"

"Basi mbona huswali?"

Nikamwambia. Damu. Tangu siku ile aliyoteremka na kuku, siku ishirini na mbili.

Akasimama na sufuria mkononi. "Siku ishirini na mbili!" Halafu, mwanangu, akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini kwenye kigoda, akajipangusa macho kwa kiwiko chenye povu. "Mtoto wangu, ishirini na mbili si hedhi, hiyo ni mvua ya masika! Hukujua? Hakuna aliyekuambia?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Kicheko kikaisha. Akanishika mkono uliolowa. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umetafuta maana mpya, umeficha ndiyo usizae. Sasa niambie, kwa nini? Usiniambie habari ya kliniki. Niambie uliogopa nini."

Nikamwambia habari ya taa iliyokuwa nyota. Sijawahi kumwambia mtu. Alijifuta povu mikononi, kisha akasema, "Na mume wako hajui hili?" Nikatikisa kichwa. "Aliambiwa sote wazima," nikasema. "Alikuwa na soda."

"Jumamosi tunaenda kwa Mwalimu wenu," akasema. "Wote."

Zilikuwa siku tatu ndefu mpaka Jumamosi. Swaleh alikuwa anazungumza nami kupitia mtoto. "Ramla, mwambie mama yako chumvi imezidi." Ramla ananigeukia, anasema, "Maji." "Ramla, mwambie baba yako chumvi nimeweka kama jana." "Maji." Mama mkwe alikuwa anatoka nje kwenda kucheka. Alipomwambia Swaleh habari ya Jumamosi, Swaleh akasema hayo ni mambo ya wanawake. Mama akamwambia, "Kwani ulipokuwa unachomelea ghorofa ulikuwa mwanamke? Vaa kanzu."

Mwalimu Rukia unamjua, huwa hakai mbele ya mtu bila kumpa mtoto kitu cha kushika. Alimpa Ramla kijiko, akatusikiliza kuanzia mwanzo. Alianza na lililo jepesi.

"Amina, siku zako za kawaida ni ngapi?"

"Sita, Mwalimu."

"Basi hizo sita ndizo zako. Katika madhehebu yetu hedhi haivuki siku kumi na tano. Ikivuka, basi iliyozidi kawaida yako ni istihadha, damu ya ugonjwa au ya dawa. Haikuzuii chochote. Oga, jifunge vizuri, tawadha kwa kila swala ya faradhi, uswali na ufunge kama sisi. Zilizokupita utalipa, polepole. Mungu hana haraka na mtu anayerudi." Akanitazama juu ya miwani. "Nilifundisha somo hili mwaka jana. Ulikuwa umekaa kule nyuma karibu na mlango, unaota."

Kweli. Siku ile nilikuwa naota duka langu lenye mlango wa kioo.

Kisha akaja kwa lile kubwa. "Kuhusu sindano," akasema, "mambo ya mwili muulizeni sista, mimi si sista. Mimi nitasema niliyosoma. Masahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, walikuwa wakimwaga nje ili mke asishike mimba, na Qurani ilikuwa inateremka wakati huo, na hawakukatazwa. Kwa hiyo wanazuoni wengi wamesema njia ya muda, isiyodhuru, ya kumpumzisha mama na kumnyonyesha mtoto, inafaa. Wapo wasioipenda, sitawaficha, wanasema umma uwe mwingi. Kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura, hapana. Kutoa mimba iliyokwisha kuingia, hilo ni jambo lingine kabisa, tusilichanganye. Na mtu asipange kwa kudhani Mungu ameishiwa riziki. Lakini kumwogopea mama asife? Nani amesema tuwazae watoto ili tuwaache mayatima?"

Swaleh akainua kichwa. "Asife? Nani afe?"

Mama mkwe akanifinya paja. Nikasema, "Baba Ramla, ile siku ya soda..." Nikamwambia yote, taa, mashavu, ncha za vidole. Sikuweza kumtazama. Nilitazama kijiko cha Ramla.

Nilipoinua macho, Swaleh alikuwa amevua kofia yake na kuikamua mikononi kama kitambaa kilicholoa. "Niligawa soda," akasema. "Ulikuwa unakufa, mimi nagawa soda. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana."

"Furaha gani hiyo ya mtu asiyejua?"

Mwalimu akanigeukia, na hapa ndipo alipokemea, mwanangu, na maneno yake nimeyatunza. "Amina, sindano si kosa lako. Kosa lako ni kumwibia mumeo shauri. Hata hiyo njia ya Masahaba, wanazuoni wengi wamesema mume asiifanye bila ridhaa ya mke. Basi kama yeye anatakiwa akuulize, wewe utamfichaje? Hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, Qurani imesema ni kwa baba na mama kuridhiana na kushauriana. Kuachisha ziwa! Jambo dogo kama hilo lina shauri la wawili. Hili kubwa utalifanya na pipa la mchele?"

Nikainamisha kichwa. Swaleh akaanza kujinyoosha kama mtu aliyeshinda kesi. Mwalimu akamwona.

"Na wewe, Bwana Swaleh. Kabla ya kuchomelea ghorofa ya tatu, ulimuuliza mwenye tumbo?"

Kesi ikaisha hapo hapo. Mama mkwe alicheka mpaka Ramla akaangusha kijiko. "Mwambie, Mwalimu! Huyu anadhani yeye na dada yake walipishana miaka minne kwa bahati. Mimi na marehemu baba yake tulikuwa na shauri letu, na hatukuwa na kliniki—"

"Mama!" Swaleh akaziba masikio kwa kofia. "Nimefunga! Usinifunguze!"

Tulirudi nyumbani tukiwa watu wengine. Baada ya sikukuu ya Idi tulikwenda kliniki pamoja. Swaleh alikuwa mwanaume peke yake kwenye benchi, na sista akatupa njia nyingine isiyonisumbua kwa damu. Alitaka kuikata ile ghorofa ya tatu kwa msumeno. Nikamkataza. Niliweka vitambaa vyangu vya kushona hapo juu, miaka mitano. Kisha siku moja, tukiwa tumeshauriana na mwili wangu umerudi, nikamwambia, "Baba Ramla, nipangie vitambaa mahali pengine." Alielewa. Alipiga mluzi jioni nzima. Aliyekuja ni Zaituni, ambaye sasa ana miaka mitatu na hulala huko juu kama jogoo, na siku ya kumzaa taa ilibaki taa. Soda nilikunywa na mimi.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na haina urefu. Kwetu Ahero hata mche wa mpunga hupandwa kwa kamba, mtu huyu anashika mwisho huu na mwenzake anashika mwisho ule, na kamba ikishikwa na mmoja mstari hupinda. Ndivyo ilivyo kizazi. Ukiogopa, mwambie mumeo unaogopa, kabla hujaenda kliniki na kabla hajanunua vyuma. Akikuelewa, mmeshika kamba. Asipoelewa siku ya kwanza, tafuta mtu mwenye elimu awaketishe, maana wengi wanaokataa hawajaambiwa taa ilififia kiasi gani. Mwili ni amana yako, usiuache uharibike kwa kumwonea mtu haya. Dini usiichukue kipande kipande sokoni. Nenda kwa mwenye kuijua, uliza swali lako hata kama ni la aibu, hata kama wewe ni wa juzi. Sote tulikuwa wa juzi. Na mama mkwe wako usimwogope kabla hujamsikia akicheka.

Mungu akupe nyumba isiyo na siri nzito. Akupe mume anayeuliza na ulimi unaojibu. Akupe watoto kwa wakati ambao mikono yako inaweza kuwabeba, na akuweke uwaone wakiwa na wao. Na pipa lako, lijae mchele mtupu.

Nimebakiza kitu kimoja, ambacho Swaleh anakiona ukutani kila siku, lakini mpaka leo anadhani ni mama yake aliyekitundika. Jumamosi ile tuliporudi kutoka Migosi, yeye na mama walikwenda sokoni kutafuta tende, watoto wamelala. Nilioga. Niliswali alasiri yangu ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha nikachukua kadi ile, nikaipangusa pumba, nikatoboa tundu kwenye pembe yake kwa sindano yangu ya kushonea, nikapitisha uzi mwekundu, nikaitundika kwenye msumari wa sebuleni, pale pale ilipotundikwa ratiba ya Ramadhani, kila anayeingia aione.